Sauti ya Bi Mwanne Haikupanda Kirikuu

Jumamosi ya kuhama, saa nne asubuhi, Adamu alipanda juu ya baraza la nyumba yao Mtaa wa Mchikichi, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika sufuria ambalo hakuna aliyemwomba alishike, akawatangazia watu kwamba katika watoto wote waliozaliwa mtaa ule, tangu enzi za kuta za udongo hadi hizi za maghorofa yenye lifti, hajatokea hata mmoja anayemsikiliza mama yake kama yeye.

"Mama akikohoa tu, mimi najua hiyo ya chai au hiyo ya maji," alisema. "Nyie mama zenu mnawasikia sikukuu kwa sikukuu."

Hamis muuza kahawa, aliyekuwa kwenye kigoda chake karibu na birika, alisema sawa. Hamis alikuwa mtu wa kusema sawa. Ndiyo maana kahawa yake ilitoka.

Kirikuu, kigari cha mizigo, kilikuwa kimeegeshwa tairi mbili juu ya mtaro, na wapagazi wawili walikuwa wakipakia kitanda cha samadari, kabati la kioo, mikeka mitatu, mbuzi ya kukunia nazi, na jiko la mkaa ambalo Adamu alishasema mara tano kwamba Madale, wanakohamia, halitahitajika. Madale kuna gesi.

Bi Mwanne, yaani mama mwenyewe, alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, baibui limefungwa vizuri, mkoba mapajani. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na yote aliilala katika chumba cha pili kushoto unapoingia ukumbini. Alizaliwa humo, akaletewa mume humo, akamzaa Adamu humo, mume akamfia humo. Watu walipita dirishani pa kirikuu mmoja mmoja kumuaga, na yeye akawajibu wote kwa majina, na jina la mtoto, na hali ya mguu wa aliyekuwa anaumwa mguu. Mpaka dereva anawasha gari, alikuwa bado anajibu.

Habari ya kuhama aliulizwa. Adamu alimuuliza mwenyewe, Alhamisi moja alasiri, akiwa amesimama mlangoni pa chumba. Alisema, "Mama, tunahamia Madale, chumba chako tutampa dada Josepha aweke mzigo, umeridhia?" Bi Mwanne hakujibu. Adamu alisubiri muda wa kutosha kwa vipimo vyake, kisha akakumbuka kwamba mwari akiulizwa kama ameridhia mume, akanyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa yake. Shekhe anafungisha ndoa na watu wanakula pilau. Akatoka nje akampigia simu Josepha.

Josepha alikuwa Mchaga wa Rombo, mpangaji wa chumba cha mbele kwa mwaka wa kumi na moja, muuzaji wa mabeseni na ndoo kwa jumla. Chumba kimoja kilikuwa kimeshamjaa mpaka mabeseni yakawa yanalala ukumbini. Aliposikia chumba cha pili kinapatikana hakuuliza sana. Aliuliza mara moja tu: "Mama karidhia?" Adamu akasema karidhia.

Kirikuu kiliondoka. Kilipokata kona ya Msimbazi, Bi Mwanne alifungua mdomo kumwambia dereva apunguze mwendo, kabati lina kioo. Dereva hakupunguza. Bi Mwanne akarudia. Dereva akaongeza redio. Kioo kilivunjika Magomeni.

Wakati huohuo Josepha alikuwa akiingiza fungu la kwanza la mabeseni ya bluu kwenye chumba kilichoachwa wazi. Kutoka kwenye kona ambapo kitanda kilikuwa, sauti ya Bi Mwanne ilisema, "Baba, punguza mwendo, kabati lina kioo."

Josepha akapunguza mwendo.

*

Madale palikuwa kama Adamu alivyosema, na hapo lazima mtu ampe haki yake. Nyumba aliijenga miaka saba, tofali kwa tofali, kutoka kwenye duka lake la mapazia Mtaa wa Kongo, na ilikuwa nyumba kweli: vigae chini, tangi la maji juu, choo cha mama ndani ya chumba cha mama. Ukifungua dirisha upepo uliingia bila hodi. Kulikuwa na mipapai miwili, bustani ya mchicha, banda la kuku, na anga yote iliyobaki ilikuwa yako. Mchikichi, anga ilikuwa utepe mwembamba kati ya ghorofa na ghorofa, na huo wenyewe una nyaya.

Kilichokosekana Madale ni watu. Jirani wa kushoto alikuwa geti jeusi. Jirani wa kulia alikuwa geti la kijani lenye maandishi MBWA MKALI, na kwenye ukuta wake kwa rangi nyekundu, NYUMBA HII HAIUZWI. Bi Mwanne hakuwa amekuja kuinunua. Alikuja kusalimia. Kila siku saa moja asubuhi alisimama mbele ya geti lile na midomo yake ikatikisika, na gari lenye vioo vyeusi likatoka, likapita, geti likajifunga lenyewe.

Kule Mchikichi, nyuma ya mabeseni, sauti ilisema, "Hamjambo humo? Mmeamkaje?" Na kwa kuwa dirisha la chumba linatazama mtaani, wapita njia wakaitikia, "Hatujambo, Bi Mwanne. Shikamoo." Salamu hizo hazikumfikia. Masikio yake alikuwa ameondoka nayo. Kilichobaki ni sauti tu.

Najma, mke wa Adamu, aliyekuwa ametangulia kuishi huko, aligundua siku ya pili.

"Adamu, mama haongei."

"Anapumzika. Mtu katoka Kariakoo, unataka aongee nini?"

"Anatikisa midomo."

"Anavuta uradi."

Najma akarudi jikoni.

Siku ya tano Adamu aliwaambia wateja wake dukani kwamba Madale ni dawa. Mama yake, alisema, Mchikichi alikuwa akigombana na watu watatu kabla ya saa sita. Sasa ametulia mpaka unasahau kama yupo. "Huo ndio ukimya wa ushuani, kwa wenye nazo," alisema. "Nyie endeleeni kuishi na honi." Wateja walinunua mapazia wakaenda.

Siku ya kumi simu yake iliita. Alikuwa Josepha.

"Adamu, mambo?"

"Poa, dada."

"Mama yako yuko huku."

"Mama yuko Madale. Nimemwacha anawapa kuku pumba."

"Yeye ndiyo yuko huko. Sauti yake iko huku, nyuma ya mabeseni ya bluu. Njoo, wateja wananiuliza nani anaongea, nimechoka kueleza."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipohama. Nilidhani unajua. Nikaona ni mambo ya kifamilia."

Kutoka Mtaa wa Kongo hadi Mchikichi ni dakika sita kwa mguu, tisa ukiwa na mkokoteni mbele yako. Adamu alifika akakuta watu wanne barazani, kahawa mkononi, wamegeukia dirisha kama wanaosikiliza mpira redioni. Aliingia ndani. Chumba kilikuwa kimejaa mabeseni hadi darini, isipokuwa kwenye kona ya kitanda, ambapo Josepha alikuwa ameacha nafasi na kuweka kiti cha plastiki. Kiti hakikuwa na mtu.

"Wewe mwekundu," ilisema sauti kutoka usawa wa kiti, "mwache mwenzako naye ale. Tumbo lako lina tundu?"

"Anaongea na kuku," Josepha alieleza.

Adamu aliita, "Mama!"

"Hasikii," alisema Hamis kutoka dirishani. "Mpigie simu, ndiyo atakusikia."

Utaratibu ulikuwa umeshajulikana mtaa mzima isipokuwa kwake. Mtu akitaka kuongea na Bi Mwanne alipiga simu Madale. Bi Mwanne aliweka simu sikioni akasikia vizuri kabisa, akajibu, na jibu likatokea chumbani, kwenye kiti. Kwa hiyo mpigaji alipaswa kupiga akiwa amesimama ndani ya stoo ya Josepha, au pale dirishani. Watu walizoea siku ya pili tu. Wanawake wa uani walikuwa wanachanga kifurushi cha dakika za simu. Siku ya sita Bi Mwanne alikuwa amesuluhisha ugomvi wa kamba ya kuanikia nguo, amemkataza binti mmoja kuolewa na fundi simu, na amekumbusha nani ana zamu ya kufagia mtaro. Wateja wa mabeseni nao waliongezeka. Walikuja kununua ndoo mbili wakakaa saa nzima.

Adamu hakupiga simu. Alisimama kati ya mabeseni akasikiliza, jambo ambalo, kwa mujibu wa Hamis, lilionekana jipya kwake.

"Upepo wa huku mzuri, sikatai," sauti ilisema, baada ya kumaliza na kuku. Ilikuwa ikiongea peke yake, taratibu, kama mtu anayeshona. "Na choo kizuri. Na hawa kuku nimewazoea. Ningeulizwa, labda ningekuja mwenyewe kwa miguu yangu. Lakini mtu anakuja mlangoni, mimi nimesujudu, paji la uso liko chini, ananiambia umeridhia? Nimjibu nini, nami nimo kwenye sala? Natoa salamu nageuka, kashaondoka."

Barazani watu walipitishiana kashata. Kwamba sauti inaongea bila mwenyewe walikuwa wameshalizoea. Hili la sijda ndilo lilikuwa jipya, na walilitafuna polepole pamoja na kashata.

"Ulimuuliza kwenye sala?" aliuliza Hamis.

"Sikuangalia," alisema Adamu.

"Sijda huioni? Mtu mzima yuko chini."

"Nilidhani anatafuta kitu chini ya kitanda."

"Akiwa na kanga ya kusalia."

"Hamis, wewe uza kahawa."

"Sawa," alisema Hamis.

*

Adamu alikuwa mtu wa vitendo, na mtu wa vitendo akiona kitu kimesahaulika, anakuja kukichukua. Jumamosi alifika na gari lake dogo, akachagua kwa Josepha ndoo ya lita ishirini yenye mfuniko wa kukaza, akaketi kando ya kile kiti akingoja. Bi Mwanne alikuwa Madale akimwelekeza Najma namna ya kuzuia tui lisikatike, maelezo ambayo Najma hakuyasikia lakini akaitikia kwa kichwa. Sauti ilipofika katikati, pale penye "koroga upande mmoja tu," Adamu aliiweka ndoo juu ya kiti, akafunika, akakaza, akaitoa nje ameikumbatia. Kwenye gari aliifunga mkanda.

Josepha alimwambia ndoo irudi.

Sebuleni Madale alimkalisha mama yake kwenye kochi, akamwita na Najma, akafungua mfuniko. Kikatoka kitu kwa kishindo: "Chukua mbili, chukua mbili! Dada usiniache! Soksi za ofisini hizo, hazichagui kiatu!"

Ilikuwa sauti ya machinga wa soksi anayepanga meza chini ya dirisha la stoo. Ilizunguka sebule, ikagonga runinga, ikatua juu ya pazia, na hapo ikakaa hadi Jumatatu. Kule Mchikichi machinga mwenyewe aliuza soksi siku mbili kwa kunyoosha vidole, na watu walisema hajawahi kuwa na adabu kiasi kile.

Bi Mwanne alicheka. Najma alimwona mabega yanavyoruka. Kicheko chenyewe kilisikika Mchikichi saa tisa na nusu, kirefu, kikaishia kwenye kikohozi, na watu watatu barazani wakacheka nacho bila kujua kuna nini.

Jumatatu sauti ya soksi iliporudi kwa mwenyewe, sebule ikawa kimya, na Najma akasema ilikuwa afadhali.

"Afadhali nini?"

"Kulikuwa na mtu wa kuongea naye."

Adamu alimwambia asianze. Najma akasema hajaanza. Yeye yuko hapo tangu nyumba ilipoezekwa.

Aliporudisha ndoo, Adamu alikuta dawa yake imeshaamuliwa bila yeye. Ilikuwa fupi na kila mtu aliitoa kwa maneno yaleyale: muulize. Muulize akiwa amekaa, akiwa macho, akiwa hana sala. Akisema ndiyo, sauti itakwenda aliko. Akisema hapana, yeye atakuja iliko. Hamis alikuwa ameshajaribu kumfupishia kazi. Alipiga simu akamuuliza Bi Mwanne moja kwa moja, unataka wapi? Na kiti kikajibu, "Hilo aniulize aliyenihamisha."

"Si neno moja tu?" Hamis alimwambia Adamu. "Wewe mtaani hapa una maneno kama redio."

Lakini Adamu alikuwa amelipigia hesabu jambo lile barabarani, kuanzia Tegeta hadi Mwenge. Swali lingeulizwa Madale, jibu lingeangukia Mchikichi, mbele za watu, na jibu likishaanguka mbele za watu haliokotwi na mtu mmoja. Likiwa hapana, mtaa mzima utajua kabla yake yeye mwenyewe, ambaye atakuwa amekaa mbele ya mama yake akitazama midomo. Na nyumba ya miaka saba? Na choo cha ndani? Na mabeseni?

Kuhusu mabeseni, Josepha alikuwa muwazi. Chumba, alisema, atakirudisha siku atakayoambiwa na mwenye nyumba. Mwenye nyumba alikuwa akiongea humohumo, mita moja kutoka alipokuwa amesimama, lakini wakati ule alikuwa akiongea habari za mbolea ya mchicha.

*

Jumatano Adamu alifunga duka mapema. Alifika Madale saa kumi na moja jioni, jua bado lipo, akamkuta mama yake kwenye kibaraza cha nyuma akichambua mchele kwenye ungo. Kuku walikuwa wamemzunguka wakingoja chenga. Adamu alivua viatu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kibarazani tangu waweke vigae, akaketi kwenye ngazi, chini kidogo ya magoti yake.

"Mama," alisema.

Bi Mwanne aliweka ungo pembeni. Aligeuka akamtazama, midomo ikatikisika mara moja, kisha ikatulia. Mikono akaiweka mapajani. Hakuwa anasali, hakuwa anapika, hakuwa na simu. Alikuwa mtu mzima amekaa, anangoja.

Mchikichi, kiti kilisema, "Naam, Adamu."

Josepha alikuwa akihesabia mteja mabeseni dazeni mbili. Aliishia la tisa. Machinga alishusha soksi. Hamis alikuwa akigonganisha vikombe kama wauza kahawa wote wanavyogonganisha, akaviziba kwa kiganja. Barazani walikuwa sita, na mmoja aliyetaka kupiga chafya alitazamwa mpaka ikarudi. Honi za Msimbazi ziliendelea, maana hizo haziwezi kusubiri mtu, lakini kwenye kipande kile cha mtaa, kuanzia mlango wa nyumba hadi duka la madira, palikuwa na ukimya ambao Adamu alikuwa akiusifia Madale.

Adamu alimtazama mama yake. Aliona nyusi zake zimekuwa nyeupe, zote mbili, na hakujua tangu lini. Aliona anavyongoja, bila kumsaidia. Kuku mwekundu alipanda juu ya ungo na hakuna aliyemfukuza. Swali lilikuwa tayari, maneno matatu tu, alikuwa ameyafanyia mazoezi kwenye gari.

"Umekula?" aliuliza.

Bi Mwanne akamtoa kuku kwenye ungo, akaupakata tena.

"Nimekula," kilisema kiti.

Josepha akaanza upya kuhesabu, moja, mbili. Hamis akaviachia vikombe. Yule wa chafya akapiga chafya, watu wakamwambia apone.

*

Ijumaa baada ya sala Adamu alipita Mchikichi akiwa na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya vito. Hakuwa amepita tangu Jumatatu. Barazani palikuwa pamejaa. Wanaume kumi hivi walikuwa wametoka msikitini, wengine watu wazima waliomjua tangu anatambaa ukumbini. Alitoa salamu, akawaamkia wakubwa, wakamwitikia marahaba. Alipewa kikombe, akapewa na nafasi, na nafasi yenyewe ilikuwa katikati.

"Mtu wa ushuani," alisema Hamis, "umeshamuuliza bimkubwa?"

Kama angekuwa ameulizwa na mtu mmoja, pengine angecheka akapita. Lakini walikuwa kumi, na wote walikuwa wameinua macho kutoka kwenye vikombe.

"Nimemuuliza," alisema Adamu.

Mzee mmoja akasema alhamdulillahi. Mwingine akasogea.

"Lini?"

"Leo leo. Asubuhi kabla sijatoka." Adamu alipiga funda. Alikuwa msimulizi mzuri, hilo hakuna aliyewahi kumnyima, na kahawa ilikuwa na moto wa kutosha. "Nimekaa naye kitandani kwake. Nimemshika mikono yote miwili, hivi. Nikamwambia, mama, mimi ni mwanao, nimekukosea, nilikuuliza wakati si wake. Sasa nakuuliza mbele ya Mungu. Umeridhia kukaa Madale?"

"Ehee," alisema mtu.

"Kaniangalia. Machozi yakamlenga. Mimi mwenyewe yakanilenga. Kanishika kichwa, hivi, kama nilivyokuwa mdogo. Akasema, mwanangu, nimeridhia, moyo wangu mweupe, hii ndiyo nyumba yangu."

"Ulimsikiaje?" aliuliza Hamis.

"Nilimsoma midomo. Hamis, mama yangu huyu. Mama yako unaweza kushindwa kumsoma?"

Hamis alisema sawa. Mzee wa alhamdulillahi akamwekea Adamu mkono begani, akasema watoto kama hawa wamebaki wachache, na wengine wawili wakaitikia kwamba ni kweli. Mmoja alianza kuuliza kama Madale bado kuna viwanja. Adamu alisema vipo, ila inategemea anataka upande wa upepo au upande wa barabara, na mkono wake ukaanza kuchora ramani hewani.

Josepha alikuwa ametoka mlangoni na ndoo sita zimeingiliana, amezikumbatia kifuani. Alizishusha chini.

"Saa ngapi hiyo, Adamu?"

"Ipi?"

"Ulipomuuliza."

"Saa moja. Saa moja na robo hivi."

"Leo?"

"Si nimesema leo, dada Josepha."

Josepha alitoa kitambaa begani akaanza kufuta ndoo ya juu, ambayo haikuwa na vumbi.

"Mimi leo nimefungua saa kumi na mbili," alisema. "Mzigo ulikuwa unashushwa, sijatoka humo ndani hata kwenda kunywa chai. Saa moja ametafuta sindano. Saa moja na nusu ameipata. Saa mbili amesema mchicha umeingia wadudu. Halafu kanyamaza, mpaka sasa hivi unavyotuona. Hayo tu ndiyo ya leo. Kuridhia sijakusikia."